SINDANO YA RELI: TRENI INAFWATA MUKONO WA MWISHO



Mwezi uliopita, katika mukutano wa asubuhi, tulitangaza amri moja ya shule: mwanafunzi asiguse levye ya reli, asikalie uzito wake, wala asitie jiwe pale njia ya reli inapogawanyika. Amri hiyo inawahusu zaidi wale wanaopita nyuma ya gare kila siku. Watoto wa kalasi ya pili wakatufwata, wakauliza: "Yaya kapita, jiwe kidogo vile litafanya nini treni yenye mawagoni makumi mawili?"

Ulizo ni nzuri. Amri bila sababu inashikwa wakati kapita anatazama tu. Kwa hiyo sisi wa kalasi ya sita tulifungua tena daftari zetu za mekanike, kisha tukaenda kumuuliza mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli miaka mingi. Yale tuliyopata, haya hapa. Mwenye kipande cha chaki achore chini wakati anaposoma, ataelewa upesi zaidi.

1. TRENI HAINA USUKANI

Shofere wa lori akitaka kupita kuume anageuza usukani. Dereva wa treni hana kitu hicho. Anaweza kuongeza mwendo, kupunguza mwendo, kufunga freni na kupiga filimbi, basi. Kwenda kushoto ao kuume, hapana. Njia yenyewe ndiyo inamupeleka.

Tazameni gurudumu la treni. Upande wake wa ndani kuna ukingo unaoshuka chini kuliko uso wa reli, karibu santimita 3. Magurudumu mawili yamefungwa ku chuma kimoja, yanazunguka pamoja. Treni ikitaka kuponyoka kushoto, ukingo wa gurudumu la kushoto unagusa reli na kukataa. Ikitaka kuponyoka kuume, ukingo wa kuume unakataa. Ukingo huo mwembamba ndio unaoshika tani zote zile zikae njiani.

Katika inchi yetu sehemu kubwa ya reli iko na nafasi ya milimita 1 067 kati ya reli moja na ya pili. Njia ya Kisangani mpaka Ubundu, kilometa 125, iko na milimita 1 000. Lakini nafasi iwe ndogo ao kubwa, sheria ni moja: gurudumu linafwata reli yenye kugusa ukingo wake.

Sasa fikirini Kabalo, pale njia moja inakwenda Kalemie, ingine Kongolo na Kindu, ingine Kamina. Treni haiwezi kuchagua. Mutu anapashwa kuichagulia mbele haijafika. Chombo cha kuchagua kinaitwa kwa Kifaransa aiguille, maana yake sindano. Jina hilo linafaa, kwa sababu ncha ya reli ile imepunguzwa mpaka ikawa nyembamba sawa sindano.

2. VIPANDE VYAKE

Tuhesabu vipande kimoja kimoja, kuanzia mbele:

a) Reli mbili za nje. Hizi zimefungwa ku matraversi, hazitembei hata kidogo.

b) Sindano mbili. Ni reli mbili fupi zinazolala kati ya zile za nje. Ncha zake zimelainishwa kwa mashini ili ziweze kujificha kando ya reli ya nje pasipo kuacha kizuizi. Nyuma kuna kisigino: hapo sindano imeshikwa, lakini inaweza kugeuka kidogo, sawa mulango ku bawaba zake.

c) Fimbo ya kuunganisha. Inashika sindano mbili pamoja. Moja ikitembea, ya pili inatembea vile vile. Moja ikigusa reli yake ya nje, ya pili inapashwa kuwa mbali na yake.

d) Mabamba ya kutelezea. Sindano haikai juu ya muti ao mawe, inakaa juu ya mabamba ya chuma yenye kupakwa mafuta. Wakati wa kiangazi vumbi linachanganyika na mafuta na kuwa sawa udongo wa kufinyanga. Ndiyo maana wafanyakazi wanafagia na kupaka tena.

e) Fimbo ya kusukuma. Inatoka ku sindano mpaka ku levye, kando ya njia.

f) Levye na uzito wake. Hapo ndipo mukono wa mutu unaposhika.

3. NAMNA INAVYOFANYA KAZI

Tuseme njia ya pili inatoka upande wa kuume. Mutu anageuza levye, sindano ya kushoto inakwenda kulala kando ya reli ya nje ya kushoto. Gurudumu la kushoto linafika, ukingo wake unakuta ncha ya sindano imeziba, na sindano inausukuma polepole upande wa kuume. Upande wa pili sindano ya kuume iko wazi, kwa hiyo gurudumu la kuume linabaki ku reli ya nje yenye kupinda. Treni nzima inakwenda kuume.

Mutu akigeuza levye tena, sindano ya kuume ndiyo inaziba, ya kushoto inafunguka. Gurudumu la kuume linapanda sindano ya kuume, yenye kunyooka, na treni inapita moja kwa moja. Kwa hiyo mushike neno hili, kwa maana linashangaza wengi: sindano ya kushoto ikiziba, treni inakwenda kuume.

Ncha inatembea kidogo tu, karibu santimita 10 mpaka 12. Hiyo ndiyo tofauti yote kati ya safari mbili.

4. MOYO WA NJIA

Mbele kidogo kuna shida ingine. Reli ya kuume ya njia moja inapashwa kuikata reli ya kushoto ya njia ya pili. Ikiwa zinakutana bila nafasi, ukingo wa gurudumu utapita wapi? Kwa hiyo wanaacha mufereji mwembamba wa santimita 4 hivi. Kipande hicho chenye kuchongoka sawa herufi V, Wafaransa wanakiita moyo.

Lakini mufereji ni hatari, kwa sababu kwa muda mufupi ukingo hauna kitu cha kuuongoza. Dawa yake iko upande wa pili: karibu na reli ya nje wameweka reli ingine fupi, ndiyo reli ya kulinda. Inashika gurudumu la pili kwa ndani, na kwa sababu magurudumu mawili yako ku chuma kimoja, la kwanza nalo haliwezi kukosa njia. Ndugu mumoja anashikwa mukono ili mwenzake asianguke.

Kwa wenye kupenda hesabu: moyo unapimwa kwa kusema 1 ku 8, 1 ku 10, na kuendelea. 1 ku 10 ni kusema kwamba ukitembea metre 10, njia mbili zimeachana metre 1. Tangenti ni 0,1, na pembe ni karibu digri 5 na dakika 43. Kwa 1 ku 8 pembe ni karibu digri 7 na dakika 7. Pembe ikiwa ndogo, treni inaweza kupita na mwendo zaidi, lakini sindano inakuwa ndefu.

5. LEVYE NA UZITO

Reli ilifika Lubumbashi mwaka wa 1910, na mwaka wa 1928 njia ya kutoka Bukama ilifika Ilebo. Ku njia ndefu namna hiyo gare nyingi ni ndogo, ziko porini. Sindano ya mukono haitaki kuran, haitaki mafuta ya mazuti, inataka mutu mumoja mwenye nguvu za kawaida. Namna gani mutu mumoja anasukuma reli mbili nzito? Hapo tunarudia somo la levye.

Tufanye hesabu ya mufano. Kutoka muhimili mpaka mukono wa mufanyakazi tuweke santimita 120. Kutoka muhimili mpaka pale fimbo ya kusukuma imefungwa tuweke santimita 15. Tugawanye 120 kwa 15, tunapata 8. Mutu akisukuma kwa nyutoni 200, fimbo inasukuma sindano kwa nyutoni 1 600. Nguvu imekuwa mara nane.

Lakini fizike haitoi zawadi ya bure. Sindano ikitembea santimita 12, mukono unatembea mara nane, ndiyo santimita 96. Kile tunachopata katika nguvu, tunakilipa katika mwendo.

Sasa uzito. Watoto wanafikiri ile chuma nzito ku levye iko pale ili kumusaidia mutu asukume. Hapana. Kazi yake kubwa inaanza wakati mutu amekwisha kuondoka. Tuweke uzito wa kilo 30, wenye kulala santimita 60 mbali na muhimili. Nguvu yake ni karibu nyutoni 300. Tuzidishe 300 kwa 60, tugawanye kwa 15: inakuwa nyutoni 1 200. Nguvu hiyo inakandamiza sindano ku reli ya nje usiku na mchana, pasipo kuchoka, pasipo kulala. Wagoni ikitikisa njia, sindano haifunguki.

Kuna namna mbili za uzito. Namna ya kwanza, uzito umefungwa kabisa ku levye: ukiinua, sindano inageuka, ukiacha, inarudi yenyewe pale pa kwanza. Kwa hiyo mutu anapashwa kushika mpaka wagoni ya mwisho imepita. Namna ya pili, uzito unaweza kupinduliwa. Ukipita katikati unaanguka upande wa pili na kubaki huko, na sindano inabaki pale ulipoiweka. Iwe kwa dakika moja, iwe kwa mwezi muzima.

Hapo ndipo pana jambo kubwa la makala hii. Sindano ya namna ya pili haina neno "kawaida". Haijui ni treni gani inakuja, haijui ni saa ngapi. Inajua mukono wa mwisho tu, na itautii kwa uaminifu hata kama mukono ule ulikosa.

6. KUINGIA KWA NCHA, KUINGIA KWA KISIGINO

Treni yaweza kukutana na sindano kwa njia mbili.

Ikitoka upande wa ncha, njia moja inagawanyika kuwa mbili mbele yake. Huko ndiko kwenye hatari, kwa sababu ncha ndiyo inaamua. Ikitoka upande wa kisigino, njia mbili zinaungana kuwa moja. Hapa, hata kama sindano imewekwa vibaya, kingo za magurudumu zinaweza kuisukuma na kujifungulia njia. Uzito unainuliwa, kisha unaanguka tena. Lakini hiyo si ruhusa ya kufanya hivyo. Ikiwa sindano imefungwa na kadena, fimbo zitapinda. Tena treni ambayo imepita hivyo nusu, ikisimama na kurudi nyuma, inaweza kwenda na magurudumu ya mbele ku njia moja na ya nyuma ku njia ya pili. Mwisho wake ni mawagoni chini.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Ku sindano za kwanza ncha hazikuwa nyembamba. Walihamisha vipande vya reli vizima vyenye kukatwa wima, wakavielekeza ku njia moja ao ingine. Treni iliyotoka ku njia isiyochaguliwa ilikuta reli imeisha, magurudumu yakaanguka chini. Mwaka wa 1838, kule Uingereza, injenieri Charles Fox aliandikisha haki ya sindano yenye ncha ya kupunguzwa. Tangu hapo umbo hilo ndilo limeenea duniani.

7. SASA TURUDI KWA JIWE

Tuseme mutoto ametia jiwe la santimita 2 kati ya sindano na reli ya nje. Jioni mufanyakazi anageuza levye. Sindano inatembea, inakutana na jiwe, inasimama. Uzito unaikandamiza kwa zile nyutoni 1 200, na jiwe linashikwa sawa mufupa katika meno ya mbwa. Halitatoka lenyewe.

Ku levye, santimita 2 zimekuwa mara nane, ndiyo 16. Levye imepashwa kutembea 96, imetembea 80. Mchana mutu mwenye macho mazuri ataona. Usiku, na majani marefu, na mvua? Levye imelala upande wake, karibu kabisa. Inaonekana vizuri.

Treni inakuja kwa upande wa ncha. Ukingo wa gurudumu una unene wa santimita 3 hivi, tena umeviringika upande wa chini, na ukizeeka unapungua. Unafika ku ncha yenye kuachana na reli. Ukipata kuingia katikati, gurudumu hili linafwata reli ya nje, na mwenzake wa upande wa pili naye anafwata reli ya nje. Reli mbili hizo zinaachana zaidi kila metre. Chuma chenye kuunganisha magurudumu hakiwezi kurefuka. Basi, yanaanguka.

Watu wa reli hawachezi na nafasi hiyo. Kule Uingereza, fundi anayepima kifungo cha sindano anaweka kati ya sindano na reli ya nje kipande cha chuma cha milimita 3,5. Kifungo kikikubali kufunga na kipande hicho ndani, kimekosa, hakifai kazi. Milimita 3,5, ndugu wapendwa. Jiwe la watoto wetu ni mara tano na zaidi. Hata kokoto ya kujaza jino inatosha kukosesha kipimo.

8. LEVYE INASEMA ULICHOTAKA, SINDANO INASEMA KILE KIKO

Tulimuuliza mzee: "Baba, neno gani la kwanza mulimufundisha kijana mupya wa kazi?" Hakusema juu ya nguvu. Alisema: "Nilimuambia, ukimaliza kugeuza, usitazame levye. Levye ni mudomo wako. Nenda mpaka ku ncha, uinamie, uone kama imegusa. Upande mwingine uone kama imefunguka."

Sisi tulifikiri ni mazoea ya wazee tu. Kisha tukachora, tukaona ni mekanike safi. Kati ya mukono na ncha kuna levye, muhimili, pini, fimbo, pini ingine, fimbo ya kuunganisha. Kila pini inakula shimo lake kidogo kidogo kwa miaka. Fimbo ndefu inaweza kupinda. Bulo inaweza kulegea na kuanguka katika mawe. Siku hiyo levye inalala kabisa, inagusa chini, na sindano haijafika. Mwenye kutazama levye anaona yale aliyotaka. Mwenye kutazama ncha anaona yale yaliyofanyika.

Nyuma ya macho inakuja kadena. Kadena inazuia mupita njia asibadili yale mufanyakazi ameyaona. Lakini kadena haina akili: inafunga makosa kwa nguvu ile ile inayofunga yaliyo sawa.

9. YALIYOTOKEA GRANITEVILLE

Wamoja watasema hayo ni mambo ya inchi zenye vyombo vya zamani. Hapana. Tusikie mambo ya Marekani.

Katika muji mudogo wa Graniteville, jimbo la South Carolina, jioni ya tarehe 5 Januari 2005, wafanyakazi wa treni ya muzigo waligeuza sindano ya mukono ili waingize treni yao ku njia ya kando, karibu na kiwanda cha nguo. Wakaisimamisha huko, wakaenda kupumuzika. Sindano haikurudishwa. Ilibaki inaelekea njia ya kando.

Njia ile haikuwa na taa za ishara za kumuonya dereva. Usiku wa kuamkia tarehe 6, kabla ya saa tisa, treni ingine ikaja na mwendo wa karibu kilometa 76 kwa saa, yenye mashini mbili na mawagoni 42. Dereva alifikiri njia kubwa iko wazi mbele yake. Sindano ikafanya kazi yake kwa uaminifu: ikamupeleka ku njia ya kando, juu ya treni yenye kusimama. Wagoni moja ya klorini ikatoboka. Gazi hiyo ni nzito kuliko hewa, inalala chini sawa ukungu, na inachoma mapafu. Watu 9 wakakufa, dereva akiwa mumoja wao. Wengine walikuwa wafanyakazi wa usiku na watu wa pale. Karibu watu 5 400 wakahamishwa katika nyumba zao.

Hakukuwa na chuma kilichovunjika mbele ya ajali. Ncha ilikuwa imegusa vizuri, uzito ao kifungo kilikuwa imara. Kitu kimoja tu kilikosekana: mutu wa mwisho hakurudisha.

Miaka 13 baadaye, tarehe 4 Februari 2018, katika jimbo lile lile, karibu na Cayce, treni ya abiria ikapelekwa na sindano ya mukono juu ya treni ya muzigo iliyosimama kando. Siku hiyo taa za ishara zilikuwa zimezimwa kwa kazi ya kuzitengeneza. Sindano ilikuwa imefungwa na kadena, lakini upande mubaya. Wafanyakazi wawili wa treni ya abiria wakakufa. Tunaona basi kwamba hata penye taa na kompyuta, siku taa zinapozimwa, kila kitu kinarudi ku mukono wa mutu mumoja.

10. UFUNGUO USIOWEZA KUWA PAHALI PAWILI

Mainjenieri wamewaza sana juu ya udhaifu huo. Mufumbuzi mumoja ni rahisi na wa akili sana. Ku sindano wanaweka kifungo chenye ufunguo wa namna yake. Ufunguo hautoki katika kifungo mpaka sindano imerudi upande wa njia kubwa na kufungwa. Ufunguo ule ule unahitajiwa ku ofisi ya gare ili ishara ya kupita itolewe. Ikiwa sindano iko vibaya, ufunguo umeshikwa kule. Ikiwa ufunguo uko kule, hauko ku ofisi. Ikiwa hauko ku ofisi, hakuna treni ya kupita. Ufunguo mumoja hauwezi kuwa pahali pawili. Wafaransa wana kifungo cha namna hiyo kwa jina la Bouré, Waingereza wana ufunguo wa Annett.

Tunapenda mufano huu kwa sababu hauulizi kama mufanyakazi ni mutu muzuri ao mubaya. Unamusaidia yule muzuri aliyechoka saa nane ya usiku.

11. KWA HIYO, SHULE YETU

Mtume Yakobo, akitaka kueleza nguvu ya ulimi, alitumia mufano wa usukani mudogo wenye kugeuza merikebu kubwa. Wakati wake hakukuwa na reli. Kama ingalikuwako, tunawaza ya kama sindano ingalimufaa vile vile.

Tunarudia basi ile amri, lakini sasa na sababu zake:

Kwanza, usitie jiwe, muti wala kifuniko cha chupa kati ya sindano na reli. Milimita chache zinatosha.

Pili, usitie muguu pale, wala katika mufereji wa moyo. Sindano inaweza kugeuzwa wakati wowote, na zile nyutoni hazitofautishi jiwe na kidole. Tena kiatu kinaweza kunaswa.

Tatu, usikalie uzito na usijaribu levye "kwa kuona tu". Wewe utaenda masomoni, lakini sindano itabaki pale ulipoiacha, ikingojea.

Ine, ukiona jiwe ndani, usiingize mukono wako. Kimbia ku gare, umuambie mukubwa wa pale. Hakuna mutu atakayekucheka. Na wewe mwalimu ao mwanafunzi mukubwa, mutoto akija kukuambia neno hilo, usimutume kesho. Mwende pamoja saa ile ile.

Tano, na hii inawahusu hata wale wasiokaa karibu na reli. Katika shule yetu kuna sindano nyingi zisizo za chuma: robine ya tangi la mvua, taa ya petroli katika chumba cha kulala, mulango wa laboratwari, chupa ya asidi iliyotumiwa na kurudishwa. Vyote vinabaki pale mukono wa mwisho umeviacha. Kalasi ya kwanza wanaoamka saa kumi na moja kuteka maji hawajui nani alikuwa pale jana jioni. Wanakuta tu tangi lina maji ao halina.

Sisi wa kalasi ya sita tutaondoka mwaka huu. Wamoja wetu watasafiri na treni ile ile, usiku, wakilala juu ya mizigo yao. Ku gare ndogo porini, mutu mwenye taa ya mukono atakuwa amegeuza levye, amekwenda mpaka ku ncha, ameinama, ameona kama imegusa. Hatutamuona, wala hatutajua jina lake. Tunamushukuru hapa mbele ya wakati.

Mwenye maulizo juu ya hesabu alete daftari yake siku ya Jumatano nyuma ya sala ya jioni, tutaichora tena ubaoni.

Kwa niaba ya kalasi ya sita,
Kapita wa wanafunzi